Mishale kwenye Karatasi ya Omena

Rungu lilimpata Lusweti kwenye mkono wa kulia, nyuma tu ya vifundo vya vidole, na aliyelishika alikuwa mtu anayemjua vizuri. Aliitwa Shivachi. Miaka ya nyuma walikuwa wamepanga vyumba vilivyopakana huko Kisumu Ndogo, ndani ya Kibera, ukuta mmoja wa udongo katikati, wakaazimana jiko na kuzikiana ndugu. Sasa Shivachi alikuwa mkubwa wa vijana waliosimama kila asubuhi kwenye kijia cha kutokea mtaa wa Ayany wakidai kuona kadi ya chama tawala. Lusweti alikuwa na kadi. Kosa lake ni kwamba aliitoa polepole.

"Unanipatia kama sadaka?" Shivachi alisema, na rungu likashuka kabla ya jibu kutoka.

Wenzake wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni aliangalia chini, kadi yake ameishika kwa mikono miwili. Lusweti aliokota ya kwake kwenye matope kwa mkono wa kushoto, akapita. Ilikuwa mwaka 1986, na watu wa Kibera walikuwa wamezoea kupigwa kwanza na kwenda kazini baadaye. Ukikaa kuulilia mkono, jioni utakuta huna mkono wala kazi.

Kazi yake ilikuwa kukata stensili katika idara ya fizikia ya chuo kimoja mjini. Siku hizo noti za wanafunzi hazikupatikana kwa njia nyingine. Unachukua karatasi laini iliyopakwa nta, unaipiga taipu bila utepe, herufi zinatoboa nta. Kisha unaifunga kwenye ngoma ya mashine na kuzungusha mpini, wino unapita palipotoboka tu. Maneno yalikatwa na taipu, lakini mishale, mabano na alama za hesabu zilikatwa kwa mkono, kwa kalamu ya chuma yenye ncha kama sindano, juu ya kioo chenye taa chini yake. Ukikandamiza kidogo, wino haupiti. Ukikandamiza sana, nta inachanika, na hapo unapaka dawa ya kuzibia, ya rangi ya waridi, unangoja ikauke, unakata upya.

Aliingia chuoni mwaka 1968, kijana wa darasa la saba kutoka upande wa Bungoma, akapewa ufagio. Miaka minne baadaye mkata stensili alifariki, wakamtafuta mtu mwenye mkono mtulivu, wakamwona yeye. Tangu hapo alikuwa amekata kila kitu kilichofundishwa katika idara ile, kuanzia joto na mwanga hadi yale mambo ya chembe ndogo ambayo hata wahadhiri wenyewe waliyazungumza wakijikuna kichwa. Na Lusweti alikuwa na kiburi kimoja, acha niseme ukweli, kiburi kikubwa kuliko chumba alichopanga: hakati asichokielewa. Mkata stensili asiyeelewa, alisema, huchora mshale ukielekea juu kumbe ulitakiwa chini, na wanafunzi sitini wanafeli kwa ajili yake.

Kwa hiyo aliuliza. Aliyemuuliza zaidi alikuwa Daktari Ndeti, Mkamba mfupi mwenye hasira za karibu, aliyevaa sweta moja mwaka mzima na kuandika vibaya kama kuku aliyekanyaga wino. Ndeti alimtukana kwanza, akamjibu baadaye.

"Wewe Lusweti unanisumbua kuliko wanafunzi."

"Wanafunzi hawaulizi, Daktari. Wanakuogopa."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi ya kukata."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa habari za spini, juu ya meza yenye madoa ya wino, kwa vizibo viwili vya soda. Elektroni, Ndeti alimwambia, ina mzunguko wake wa kuzaliwa nao. Usiwazie mpira unaozunguka, utapotea. Ukiipima, inakupa majibu mawili tu: juu au chini. Haina katikati. Hicho ni kizibo kimoja. Sasa leta cha pili, uviunganishe. Una picha ngapi? Zote juu, zote chini, wa kwanza juu wa pili chini, wa kwanza chini wa pili juu. Nne.

"Sasa nataka kujua mzunguko wao kwa pamoja, kama kitu kimoja. Hizi mbili za kwanza ni rahisi. Wanavuta upande mmoja, jumla ni moja. Lakini hizi za kupingana, hakuna hata moja yenye jumla inayojulikana ikiwa peke yake. Lazima uzichanganye. Ukizichanganya kwa alama ya kujumlisha, unapata ndugu wa tatu wa zile mbili, jumla yake pia moja. Ukizichanganya kwa alama ya kutoa, unapata mpweke. Jumla sifuri. Umgeuze upande wowote, umpime kutoka popote, sifuri."

Lusweti alivitazama vizibo kwa muda mrefu. "Lakini kila mmoja bado anazunguka?"

"Kwa nguvu zake zote."

"Na ukiniuliza yupi yuko juu?"

"Siwezi kukuambia. Si kwamba nimesahau. Hakuna wa kuambiwa. Ninachojua ni kwamba wanapingana." Ndeti alivikusanya vizibo. "Nne ziliingia, nne zimetoka. Tatu za familia na mpweke mmoja. Zikitoka tatu tu, ujue umekosea."

Lusweti alirudi Kisumu Ndogo jioni hiyo akitembea kama mtu aliyepewa kiwanja.

Ukurasa wa somo hilo hilo ndio uliokuwa kwenye kioo siku Shivachi alipompiga. Mkono ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa. Taipu aliimudu kwa vidole viwili. Mishale aliikata akiuma meno. Ndeti hakuwa na desturi ya kuandika alama ya kujumlisha: mabano mawili yakikaa bila alama katikati, hiyo ni kujumlisha, na kutoa peke yake ndiko kulikopewa kistari. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, ule wa mpweke, kalamu ikazama, na kile kistari kifupi cha alama ya kutoa kikachanika na kuwa tundu. Akakipaka dawa ya waridi. Akaketi kungoja ikauke, maumivu yanampanda hadi begani, akimwazia Shivachi mambo ambayo siyaandiki hapa. Halafu akainuka, akafunga stensili kwenye ngoma, akazungusha nakala themanini. Kukata upya alisahau.

Ndeti alipoishika nakala ya kwanza alinguruma. "Umefanya nini? Mstari wa tatu na wa nne ni kitu kile kile! Huu unasema jumla ni moja, huu unasema sifuri! Unataka nionekane mlevi?"

Lusweti alikata stensili nyingine usiku ukikaribia, kwa mkono ule ule, ikatoka safi. Ile mbovu akaitundika kwenye msumari nyuma ya mashine, pamoja na stensili nyingine zilizoharibika, kwa kuwa kipande kizuri cha nta huweza kukatwa na kubandikwa kwingine. Na zile nakala themanini akazibeba nyumbani, kama alivyobeba zote zilizoharibika kwa miaka kumi na minne. Mkewe Seline aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya chumba chao, na omena hufungwa kwa karatasi. Nusu ya Kisumu Ndogo ilikuwa imekula samaki kutoka kwenye fizikia bila kujua.

Hapo ndipo palipokuwa na ujinga wao, mume na mke, na ni ujinga wa watu wanaofanya kazi kwa bidii bila kusikiliza maneno ya barabarani. Miezi ile vilikuwa vikizunguka vikaratasi vya siri vya kuisema serikali, vimechapishwa kwa mashine ya mpini kama ile ile ya Lusweti, wino ule ule, karatasi zile zile. Mtu akikutwa nacho anachukuliwa, na familia yake inazunguka wiki nzima ikiuliza yuko wapi. Lusweti alilijua hilo. Hakuliunganisha na omena. Angeliunganishaje? Yeye akiiangalia karatasi ile aliona elektroni mbili.

Shivachi alinunua omena kwa Seline Jumamosi moja. Hakulipa, hilo lilikuwa la kawaida. Aliikunjua karatasi akiwa anakula, akaona mishale. Juu, juu. Chini, chini. Juu, chini. Mabano, namba, na neno "jumla" lililoandikwa kwa Kiingereza. Shivachi hakuwa mjinga, lakini alikuwa na njaa ya kupanda cheo. Aliifuta mafuta kwenye suruali, akaikunja, akaipeleka kwa watu alioona wataifurahia.

Walikuja asubuhi ya Jumatatu, wanaume watatu wenye makoti, na Shivachi nyuma yao akionyesha mlango. Mmoja alipindua karai la Seline, omena zikamwagika kwenye mtaro. Seline alimrukia kwa kucha. Alipigwa teke la tumbo, akaketi chini, akavuta pumzi ambayo haikuja. Binti yao Caren, wa miaka sita, alisimama kwenye pazia akiwa na kikombe cha uji. Walizoa karatasi zote zilizobaki.

"Hizi nani alileta?"

"Ni mimi," Lusweti alisema. "Ni za kazi. Ni masomo, jamani. Ni za chuo."

Walimpiga kuanzia mlangoni hadi kwenye gari. Watu wa Kisumu Ndogo walisimama milangoni mwao wakitazama.

Mahali walipompeleka hapakuwa na dirisha, kwa hiyo siwezi kukuambia ilikuwa saa ngapi lilipotokea lipi. Palikuwa na chumba cha saruji kilichomwagwa maji hadi kwenye vifundo vya miguu, na chumba kingine chenye meza. Aliyekaa kwenye meza alivaa miwani na alizungumza kwa upole. Wawili wengine hawakuzungumza.

"Nani aliandika?"

"Daktari Ndeti. Anafundisha. Ni somo la spini, mkubwa."

Alilisema jina hilo hata kabla ya kofi la pili. Kwake ilikuwa kama kutaja aliyepika chai. Jambo la kweli, la wazi, lisilo na ubaya wowote, na alidhani wakimleta Ndeti atawatukana kidogo, atawaeleza, na wote wawili watarudi nyumbani. Miaka yake yote iliyobaki aliurudia wepesi ule wa kulitaja jina, na aliuchukia kuliko alivyomchukia Shivachi.

Walimleta Ndeti siku hiyo hiyo. Lusweti alimsikia akipita kwenye ukumbi akitukana kwa Kikamba na Kiingereza, na moyo wake ukatulia kabisa. Halafu mlango wa pili ulifungwa, na mahojiano yakaanza.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Kwanza ilisikika sauti ya upole ya mwenye miwani, kama mwalimu: mstari wa mwisho, Daktari, unasemaje? Ndeti akajibu kutoka kichwani, maana hawakumwonyesha karatasi: juu-chini, kutoa chini-juu. Kisha pigo, zito, la kitu kisicho mkono. Uongo, sauti ilisema. Nina karatasi yako hapa. Rudia.

"Ni kutoa!" Ndeti alipiga kelele. "Ni alama ya kutoa! Muulize mtu yeyote!"

Pigo.

Lusweti, ndani ya maji yake, alielewa. Ndeti alikuwa akiusema ukurasa ulivyotakiwa kuwa. Wao walikuwa na ule ulioharibika. Kila Ndeti alipotoa jibu sahihi ndivyo alivyoonekana mwongo, na kila pigo alilopata lilitoka kwenye kistari kimoja ambacho yeye Lusweti alikiziba akasahau. Alianza kuugonga mlango kwa mikono yote miwili. Aligonga, akaita, akaomba, akatukana, akasinzia amesimama, akaamka na kugonga tena hata ukuta uliponyamaza, kwa siku asizojua idadi, hadi wale wawili wasiosema wakaingia. Wakamtoa, wakaweka mkono wake wa kulia ndani ya droo ya meza, wakaifunga droo kwa teke. Vidole vitatu vilivunjika. Alisikia kila kimoja.

Mwenye miwani aliletewa chai. "Ulikuwa unapigia kelele nini?"

"Mkubwa, karatasi hiyo ni mbovu." Lusweti alisema akitapika kidogo. "Ni mbovu. Ndiyo maana ilifungia omena. Karatasi nzuri haiwezi kufungia omena."

"Mimi nilisoma fizikia hadi kidato cha sita," mwenye miwani alisema. "Usinichezee. Fizikia haina mistari miwili inayofanana yenye majibu mawili. Hii ni mipango. Watu wanaelekea juu, watu wanaelekea chini. Wangapi, na wapi?"

"Basi kama ulisoma, hesabu na mimi."

Wale wawili walimsogelea. Mwenye miwani aliinua kidole, wakasimama. Nadhani ilikuwa ni udadisi tu, ule mdogo wa mtu aliyewahi kupenda darasa fulani.

Lusweti alichovya kidole cha kushoto kwenye damu ya mkono wa kulia, kwa kuwa hakikuwepo kitu kingine, akachora juu ya meza. Mshale juu, mshale juu. Chini, chini. Juu, chini. Chini, juu. "Hizi ndizo ziko, kabla hujaunganisha. Ngapi?"

"Nne."

"Kuunganisha si kuongeza wala kupunguza. Ni kuangalia watu wale wale kwa pamoja badala ya mmoja mmoja. Nne zikiingia lazima nne zitoke. Sasa soma hiyo yako. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, juu-chini ukijumlisha chini-juu. Wa nne?"

Mwenye miwani alisoma. Midomo yake ilitembea.

"Ni ule ule wa tatu, si ndiyo? Kwa hiyo zimetoka tatu. Moja imepotea. Ukiwa unaandika mipango ya siri utapoteza mmoja kwa nini? Iliyopotea ni ya kutoa. Hakuna nyingine inayobaki ambayo haifanani na hizi tatu. Jaribu mwenyewe." Sauti ilimtoka ikipanda, na ndani ya maumivu yale yote alikuwa anafurahi, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahi kama mtu anayefundisha. "Na ukigeuza elektroni, ya kwanza ukaiita ya pili, hizi tatu hazibadiliki. Ya nne peke yake inageuza alama. Ndiyo maana inakaa peke yake. Ndiyo maana jumla yake ni sifuri kutoka kila upande. Daktari anawaambia ukweli! Mnampiga kwa kosa la mkono wangu!"

"Maneno," mwenye miwani alisema, lakini polepole. "Nitajuaje kosa ni lako?"

"Mmeleta mashine? Mmeleta vitu vya ofisini?"

Walikuwa wamevileta, vyote, kwenye gunia, pamoja na zile stensili za kwenye msumari. Walilimwaga sakafuni. Lusweti alipiga magoti akachakura kwa mkono wa kushoto, karatasi za nta zikimnata kwenye damu, hadi akaipata. Akaomba ashikiwe mbele ya taa. Mishale ilionekana myeupe, yenye kung'aa, mstari kwa mstari. Na mwishoni, kati ya mabano mawili, mahali palipotakiwa kistari, palikuwa na doa la waridi lisilozidi punje ya mtama.

Mwenye miwani alivua miwani yake, akalitazama doa lile kwa karibu sana. Akalilinganisha na karatasi. Akachukua kalamu, akachora mistari minne kwenye kitabu chake, akafuta, akachora tena.

"Ni fizikia," alisema hatimaye.

"Ni fizikia," Lusweti alisema, akaanza kulia. "Mwacheni Daktari."

"Ndeti hayuko hapa."

Lusweti hakuelewa. Ukutani kulikuwa kimya tangu muda mrefu, na alidhani wamemruhusu alale.

Mwenye miwani alifungua faili. "Alikiri. Amesimama mahakamani, amekubali mashtaka mwenyewe. Amepewa miaka mitano." Akageuza ukurasa. "Alisema mishale ni mipango, kama tulivyodhani. Alisema aliiandika peke yake. Hapa kuna habari yako." Akasoma kwa sauti ile ile ya upole: "'Lusweti hana habari ya kilichoandikwa. Elimu yake ni ndogo. Hawezi kuelewa hata mstari mmoja. Yeye huzungusha mpini tu.'"

Mmoja wa wale wawili alikuwa anafuta viatu vyake kwa karatasi ya stensili.

"Lakini umeona," Lusweti alisema. "Umeona mwenyewe kwamba si mipango. Andika. Niandike mimi kama shahidi, nitasimama."

"Shahidi wa nini?" Mwenye miwani hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na labda aliona haya kidogo, na haya ya mtu kama huyo ni kitu cha hatari. "Sikiliza, bwana. Karatasi hii inasema wewe hujui kitu. Mtu asiyejua kitu namwachilia. Ukisema unajua, basi ulijua siku ulipokata, ulijua siku ulipobeba nyumbani, na ninyi ni wawili. Hapo utamfuata. Mkeo yuko nje ya lango. Amekuja siku ya nne leo na mtoto mkononi. Wewe chagua tu."

Akasukuma mbele yake taarifa iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, Lusweti, ni mtu asiyejua kusoma, na kwamba hajui maana ya alama zozote alizokata kazini.

Aliisoma yote. Aliisoma mara mbili, na mwenye miwani akamtazama akiisoma. Kulikuwa na kosa la taipu kwenye mstari wa tano.

Alimwazia Ndeti na sweta lake. Alimwazia Seline akiketi chini na pumzi isiyokuja. Vidole vya kulia havikuweza kushika kalamu, kwa hiyo walimletea kidau cha wino, wakamshika dole gumba la kushoto, wakaligandamiza chini ya maneno yale.

Stensili yenye doa la waridi ilichanwa mbele yake, vipande vinne.

Kisumu Ndogo hawakuweza kukaa. Shivachi alikuwa amepewa chumba chao. Walihamia Kawangware, upande uitwao Kongo, ambako hakuna aliyewajua, na Lusweti akapata kibarua cha kupakua magunia sokoni, kwa kuwa magunia hayahitaji vidole vyote. Seline aliendelea na omena. Alifungia kwa majani ya migomba.

Na kwa miaka mitatu Lusweti hakusoma. Si gazeti, si kibao cha duka, si Biblia kanisani. Alipopewa kitabu cha nyimbo alikishika juu chini. Mwanzoni ilikuwa hofu, aliona kila mtu ni Shivachi. Baadaye ilikuwa kitu kingine ambacho hata Seline hakuthubutu kukigusa. Watu wa Kongo walimjua kama mzee mpole asiyejua a wala be, na vijana walimtania, wakimpa karatasi na kumwuliza imeandikwa nini. Naye alicheka nao.

Mwaka 1989 ilikuja barua, imepitia kwa mchungaji. Aliipeleka kwa jirani yao Mideva, mshonaji, kama alivyopeleka barua zote. Mideva alisimamisha cherehani, akaifungua.

"Imetoka kwa mtu anaitwa Ndeti. Unamjua, mzee?"

"Soma."

Ndeti alikuwa ametoka gerezani, kifungo kimepunguzwa. Jicho moja halioni tena. Hakuna shule inayomchukua, hata ya msingi, kwa kuwa alikiri. Lakini amepata wakili asiyeogopa. Wakili anasema mtu mmoja tu akijitokeza, mtu aliyeiona stensili, anayeweza kueleza kwa nini karatasi ile ilikuwa mbovu, kesi inaweza kufunguliwa upya. Mideva alisoma akikwama, halafu akasoma haraka: "'Nilisema hujui ili wakuache. Nisamehe kwa hilo. Katika idara nzima hakuna aliyelielewa somo lile kuliko wewe. Njoo, Lusweti. Nakungoja.'"

Chini kulikuwa na mistari ambayo Mideva hakuimudu. "Hapa kuna mishale mishale tu. Sijui ni nini."

Lusweti aliinyoosha shingo, akaitazama mistari ile kwa muda ambao mtu asiyesoma hana haja nao. Ilikuwa minne, na yote ilikuwa sahihi, kistari cha wa mwisho kipo. Mkono wa kulia akaufunika na wa kushoto juu ya goti. Alisikia droo ikifungwa. Aliisikia wazi, pale kibandani, mchana kweupe.

"Nimwandikie nini?" Mideva aliuliza. Alikuwa tayari na kalamu.

"Mwambie barua imefika." Akaigeukia cherehani. "Mwambie huyo mtu anayemtafuta hapa hayuko. Aliyeko hajui kusoma."

Mideva aliandika, akamgeuzia karatasi aone, halafu akakumbuka, akacheka, akaomba radhi. Lusweti alikuwa amekwisha kuisoma yote. Aliona haya hadi masikioni, akakaa pale pale kwenye kiti cha wateja, akingoja Mideva aikunje na kuifunga.